Mgonjwa Wetu ni Ukoo Mzima: Hotuba kwa Madaktari Bingwa wa Kanda ya Kaskazini, Moshi

Ndugu mwenyekiti, maprofesa mlionifundisha na ambao hadi leo nawapa shikamoo, madaktari bingwa mliotoka Arusha, Manyara, Tanga na hapa Kilimanjaro, wauguzi, wataalamu wa maabara na wa vipimo vya picha: karibuni Moshi. Najua wapo waliosafiri tangu alfajiri, na wapo waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja ukumbini. Mungu awalipe.

Nimepewa nafasi nizungumzie mafunzo ya magonjwa ya moyo ya kurithi kwa madaktari ambao tayari ni mabingwa. Tangu wazo hili lianze kuzungumzwa, swali linalonifikia ni lile lile: kwa nini mabingwa? Mbona tusianze na vijana waliomaliza intanshipu juzi, wenye nguvu na wenye muda wa kusoma?

Ni kwa sababu katika magonjwa haya neno la bingwa halifutiki. Bingwa akiandika "kifafa" kwenye faili, daktari wa kituo cha afya hathubutu kulifuta. Bingwa akisema "huu ni moyo wa presha", mgonjwa atameza dawa za presha miaka 10 na hakuna atakayefikiria kuwaita watoto wake. Bingwa akimwambia mama "mwanao hana tatizo", mama atafunga mzigo wake na hatarudi. Wenye neno la mwisho ndio wanaopaswa kurudi darasani kwanza, na nalisema hili kwa heshima zote, nikijua kwamba humu ndani wapo waliotibu maelfu ya watu kabla mimi sijashika stetoskopu.

Nitawaeleza habari za binti mmoja. Mambo machache nimeyabadilisha ili familia yake isitambulike. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, mwembamba, mwepesi wa miguu. Mara ya kwanza alianguka asubuhi kwenye mchakamchaka; walimu wakadhani ni njaa. Mara ya pili alianguka kwenye mbio za kupokezana vijiti, hatua chache tu baada ya kukabidhi kijiti. Alikakamaa, akarusharusha mikono, akajikojolea. Dakika mbili hazikuisha akawa ameketi, anajua jina lake, anaulizia viatu vyake. Alikopelekwa waliandika kifafa, wakamwanzishia dawa, na wakamfanyia hata kipimo cha ubongo, ambacho kilirudi safi. Kipimo ambacho hakikufanyika ni kile cha umeme wa moyo, ECG, ambacho huchukua dakika tano na kipande cha karatasi.

Mtu wa kifafa baada ya degedege kwa kawaida huchanganyikiwa, hulala, huamka akiwa mchovu na misuli inauma. Huyu aliamka mara moja, na mara zote mbili alikuwa mbioni. Mtu anayeanguka katikati ya mazoezi ana tatizo la moyo mpaka wewe daktari uhakikishe kuwa siyo.

ECG yake ilipofika mezani, jicho la haraka haraka lisingeona kitu. Hebu tuisome pamoja. Karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kisanduku kidogo ni milisekunde 40. Toka mwanzo wa wimbi la Q hadi mwisho wa wimbi la T, muda tunaouita QT, nilihesabu visanduku 10, yaani milisekunde 400. Ukiishia hapo utasema ni kawaida. Lakini toka pigo moja hadi jingine kulikuwa na visanduku 16, yaani sekunde 0.64. Kwa kanuni ya Bazett ya kurekebisha QT kulingana na kasi ya moyo, ambayo iko tangu mwaka 1920, unachukua QT unaigawa kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo. Kipeuo cha pili cha 0.64 ni 0.8. Gawa 400 kwa 0.8 unapata 500. Mwanamke mzima tunaanza kumtilia shaka akivuka 460, na 480 kwenda juu ikijirudia ni ugonjwa wa QT ndefu, yaani umeme wa moyo unachelewa kutulia baada ya kila pigo. Ni kweli kanuni ya Bazett hukuza namba pale moyo unapokwenda kasi, ndiyo maana tulirudia kipimo kesho yake binti akiwa amepumzika. QT ilikuwa ndefu vile vile.

Halafu nikamuuliza mama yake swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: nyumbani kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Alinyamaza kwanza. Kisha akasema mdogo wake wa kiume alizama Mto Weruweru akiwa na miaka 14, na kijiji kizima kilishangaa, kwa sababu yule mtoto alikuwa muogeleaji kuliko wenzake wote.

Wenzangu, muogeleaji hodari anayezama kwenye maji aliyoyazoea ni historia ya moyo. Aina ya kwanza ya QT ndefu, inayotokana na hitilafu kwenye jeni ya KCNQ1, hushambulia mtu akiwa kwenye mazoezi, na kuogelea ndiko kunakojulikana zaidi. Aina ya pili, ya jeni ya KCNH2, huchokozwa na mshtuko au sauti ya ghafla: kengele ya alfajiri bwenini, simu inayolia usiku. Aina ya tatu, ya SCN5A, mara nyingi huja mtu akiwa amelala. Unaona kwamba ukisikiliza vizuri namna mtu alivyoanguka, umeshaanza kujua jeni kabla hujatuma damu popote.

Dawa ya binti yule ilikuwa propranolol, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Hapa naomba tusikilizane: katika QT ndefu dawa za jamii hii, zinazotuliza mapigo ya moyo (beta-blocker), hazilingani. Propranolol na nadolol zinalinda kuliko metoprolol. Kumbadilishia mgonjwa kwa sababu "zote ni zile zile" ni kumwondolea kinga. Na kuna orodha ya dawa ambazo mtu wa namna hii hapaswi kuzigusa, nyingi zikiwa ni zile tunazoandika kila siku: erythromycin, fluconazole, haloperidol, kwinini, ondansetron. Akiharisha na kutapika, potasiamu ikashuka, hatari inaongezeka maradufu. Nani amwambie hayo muuza duka la dawa pale mtaani? Mgonjwa mwenyewe, akiwa na kadi mfukoni iliyoandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na bingwa.

Katika kupima QT, kanda yetu haianzii sifuri. Pale Siha tuna Hospitali ya Kibong'oto, ambako wagonjwa wa kifua kikuu sugu wanatibiwa. Bedaquiline, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo, hurefusha QT, kwa hiyo wanaoitumia hupimwa ECG mara kwa mara, na wenzetu wa huko wameshazoea kuhesabu visanduku. Mafunzo yetu yakianza, ningependa walimu wa somo hilo watoke Kibong'oto, hata kama wao si madaktari wa moyo.

Sasa niseme kiini cha jambo. Magonjwa mengi ya jamii hii hurithiwa kwa namna ambayo mzazi mmoja mwenye jeni anatosha. Kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu. Maana yake siku unapompata mgonjwa mmoja, umepewa orodha ya watu wengine ambao hawajui kama wanaumwa, na wengi wao wanajisikia wazima kabisa. Kwingine katika tiba, kazi yako inaisha mgonjwa anapotoka mlangoni. Hapa ndipo inapoanza.

Chukueni ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa pasipo presha wala tatizo la valvu. Makadirio yanayotumika duniani ni mtu 1 kati ya watu 500. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 katika Mkoa wa Kilimanjaro peke yake. Kama kiwango hicho kinatuhusu na sisi, ni watu zaidi ya 3,600 mkoani humu. Jiulizeni ni wangapi wako kwenye madaftari ya kliniki zetu. Waliobaki wako shambani, wako madarasani, wanaendesha bodaboda, na wengine Februari wanajiandikisha Kilimanjaro Marathon.

Wapenzi wa mpira hawajasahau tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka katikati ya uwanja bila mtu kumgusa. Alikuwa na miaka 28, na uchunguzi wa maiti ulielekeza kwenye moyo. Mpira una kamera, kwa hiyo dunia nzima iliona. Kwenye migomba ya Kibosho na Rombo hakuna kamera. Kijana akianguka akilima, maneno yanaanza jioni ile ile: amelogwa, amepewa sumu, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mke wake. Nimeona mjane akifukuzwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na watoto wake, na mmoja wa watoto hao alikuwa na moyo ule ule wa baba yake. Tungekuwa na mtu wa kusimama kwenye ukoo ule na kusema, kwa mamlaka ya taaluma, kwamba huu ni ugonjwa na tunaweza kuupima, yule mama angebaki kwake na mtoto angekuwa kliniki.

Ndiyo maana nasema bingwa anahitaji kufunzwa mambo ambayo hakufundishwa alipokuwa akisomea ubingwa. La kwanza ni kuchora mti wa ukoo, vizazi vitatu, kwa kalamu, mgonjwa akiwa mbele yako. Uingereza, mwezi Machi 2005, wizara yao ya afya iliongeza sura ya nane kwenye mwongozo wa taifa wa magonjwa ya moyo, ikihusu mapigo yasiyo ya kawaida na vifo vya ghafla, na humo familia iliyofiwa ghafla ikatambuliwa kuwa nayo inahitaji kuchunguzwa. Kliniki za huko zinaendeshwa na daktari wa moyo, daktari wa vinasaba, muuguzi maalumu na mshauri wa vinasaba kwa pamoja. Nilipopata nafasi ya kukaa kwenye mojawapo jijini London, kilichonigusa zaidi ya mashine zao kilikuwa muda wanaotenga. Muuguzi alimaliza zaidi ya nusu saa akiuliza habari za shangazi na wajomba kabla mgonjwa hajavuliwa shati.

Sisi huku tuna jambo ambalo wao hawana. Mchaga anazikwa nyumbani. Ingia kihamba chochote cha zamani, pembeni ya nyumba utaona makaburi, na kwenye saruji yameandikwa majina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Pitisha macho tu: huyu miaka 71, huyu 83, huyu 24, huyu 31. Simama hapo na bibi wa familia, muulize wale wawili walikufaje. Hakuna hospitali ya London yenye kumbukumbu kama hiyo. Na Desemba, mabasi yanapojaa kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, ukoo wote unakuwa mahali pamoja kwa wiki mbili. Watu wanachinja, wanasuluhisha mashamba, wanabatiza watoto. ECG ya mkononi, mashine ndogo ya eko inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, muuguzi mmoja na daktari mmoja anayejua anachokitafuta, mnaweza kupima watu 30 wa damu moja kwa siku moja, watu ambao mngewatafuta miaka mitatu bila kuwapata.

Lakini kuna mtego, na umetunasa mara nyingi. Ukimuuliza mzee wa Kichaga habari za ukoo, atakutajia wana na wajukuu wa kiume hadi kizazi cha saba. Mabinti walioolewa wanahesabika kwa wenzao. Jeni haijui mahari. Binti aliyeolewa Machame au Babati amebeba nusu ya urithi wa baba yake sawasawa na kaka yake aliyebaki kihambani, na watoto wake wana jina la ukoo mwingine kabisa. Yule binti wa mchakamchaka alirithi kwa mama. Tungefuata jina la ukoo wake tungepima watu wote wasiohusika na kuwaacha wanaohusika. Kwa hiyo kwenye mafunzo haya nataka mtu ashindwe mtihani kama amechora mti wa ukoo bila mashangazi, na bila upande wa mama.

Nije kwenye kusoma vipimo, maana hapo ndipo ubingwa wetu unapojaribiwa. Kosa la kukosa ugonjwa tunalijua. Kosa la pili ni kuubandika pale ambapo haupo, na kwa watu weusi ni rahisi sana kulifanya. Wanariadha wengi wenye asili ya Afrika, wazima kabisa, wana mawimbi ya T yaliyogeuka chini kwenye V1 hadi V4, yaani waya za ECG zinazobandikwa kifuani, yakitanguliwa na ST, kipande cha mchoro kilicho kabla ya T, iliyoinuka kama kuba. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 wa kusoma ECG za wanamichezo unasema hilo peke yake, kwa mwanariadha mweusi asiye na dalili wala historia ya familia, ni hali ya kawaida. T zikigeuka kwenye V5 na V6 ni habari nyingine, hapo lazima uchunguze. Mikoa ya Arusha na Manyara imelea wakimbiaji tangu enzi za John Stephen Akhwari na Filbert Bayi. Kumzuia kijana wa Mbulu asikimbie kwa sababu ya ECG iliyosomwa kwa macho ya Ulaya ni kumnyang'anya riziki.

Upande wa pili, tuna wagonjwa wengi wa presha, na presha hunenepesha moyo kweli. Kwa hiyo kila ukuta mnene kwenye eko unapewa jina la presha. Sasa aje mtu wa miaka 26, presha yake 118 kwa 74, ukuta milimita 19. Hiyo presha imetoka wapi? Kwa mtu mzima milimita 15 bila sababu inatosha kutuamsha. Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, hata 13. Na kabla ya eko, tumieni masikio. Mwambieni mgonjwa achuchumae, wekeni stetoskopu pembeni ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, kisha mwambieni asimame. Mvumo ukizidi anaposimama, mmeshapata jibu ambalo wengine wanalipia safari ya Dar es Salaam.

Wenzetu wa wodi ya wazazi nao wanahusika. Mama anayepata moyo kushindwa kufanya kazi karibu na kujifungua au miezi michache baadaye, tumezoea kusema ni uzazi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanawake 172 wenye hali hiyo. 26 kati yao, yaani asilimia 15, walikuwa na hitilafu za vinasaba zinazofanana na za watu wenye misuli ya moyo iliyotanuka na kulegea, nyingi zikiwa kwenye jeni ya titini, protini kubwa ya misuli. Kwa hiyo mama huyo naye aulizwe habari za baba yake na kaka zake, na mimba nyingine isizungumzwe kabla ya hapo.

Nizungumzie vipimo vya vinasaba, kwa sababu najua kuna wanaofikiri hilo ndilo somo lote. Jeni ya kwanza ya ugonjwa wa misuli minene ya moyo, MYH7, ilitambuliwa mwaka 1990. Leo maabara moja inasoma makumi ya jeni kwa pamoja. Taasisi ya utafiti ya KCRI, iliyo hapa hapa Moshi, imekuwa ikisoma vinasaba vya vijidudu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo lugha hiyo si ngeni mjini kwetu. Ugumu uko kwenye kutafsiri. Mwaka 2016 jarida la tiba la New England lilichapisha habari ya kusikitisha: Wamarekani weusi walikuwa wameambiwa wana jeni ya ugonjwa huu, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida kabisa kwa watu weusi. Hayakujulikana kuwa ya kawaida kwa sababu waliotumika kulinganishia walikuwa karibu wote weupe. Fikirieni mtu aliyeambiwa ana ugonjwa wa kuua ghafla, watoto wake wakakatazwa michezo, na haikuwa kweli.

Majibu ya vinasaba huja kwa madaraja matano, na la katikati linasema maana yake haijajulikana. Kwa Waafrika daraja hilo linajaa, kwa sababu tumesomwa kidogo. Bingwa asiyefunzwa atalisoma kama "ndiyo" au kama "hapana", na vyote viwili vitamdhuru mtu. Dawa ya hilo ni sisi wenyewe kuzisoma familia zetu. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake waliifuatilia familia moja ya Afrika Kusini kwa takriban miaka 20, wakizika vijana wake, mpaka mwaka 2017 walipotangaza kuwa wameipata jeni, CDH2, inayosababisha ugonjwa wa misuli ya moyo katika familia ile. Ugunduzi ule ulitoka Afrika, kwa uvumilivu wa madaktari waliokuwa wakiwafahamu wagonjwa wao kwa majina. Familia za namna hiyo tunazo milimani humu.

Sampuli kuzituma nje kuna sheria yake. Tangu mwaka 2009 tuna sheria inayosimamia vinasaba vya binadamu, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye usimamizi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa akikataa ndugu zake wasiambiwe, unafanyaje? Hilo tutalijadili kwa mifano, na mwanasheria awepo, kwa sababu nimeona madaktari wakibaki kimya kwa kuogopa, na kimya hicho kina watoto ndani yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Hapa anaweza kufichuliwa mtu mwingine kabisa.

Uchunguzi wa maiti nitausema kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu wataalamu wa patholojia wapo na watausema vizuri kuliko mimi. Ombi langu ni moja. Kijana akifa ghafla na ndugu wakikataa mwili usipasuliwe, waombeni angalau damu kidogo kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, igandishwe. Haichelewishi mazishi. Miaka miwili baadaye inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya kuwasaidia wadogo zake.

Mafunzo yenyewe nayapendekeza yawe ya mwaka mmoja, bingwa akiwa kwenye kituo chake cha kazi. Tukimtoa daktari pekee wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya mkoa kwa mwaka mzima, tumeokoa familia 10 na kuwatelekeza wagonjwa wengine mamia. Kila mwezi wakutane siku mbili hapa Moshi, waone familia halisi, si slaidi. Kila mmoja awe na familia zake alizozibeba mwanzo hadi mwisho: mgonjwa wa kwanza, mti wa ukoo, barua kwa ndugu, vipimo vyao, na ratiba ya kuwarudia, watoto kila mwaka mmoja hadi miwili, watu wazima kila miaka mitatu hadi mitano, maana moyo ulio sawa leo unaweza kunenepa wakati wa kubalehe. Kipindi kimoja wakakae Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo tangu mwaka 2015 imebeba mzigo mkubwa wa nchi hii, wajifunze nani awekewe kifaa cha kushtua moyo na nani asiwekewe. Kifaa hicho ni cha gharama, kina betri inayoisha, na kikishtua bila sababu humtesa mtu. Kukataa kwa haki ni sehemu ya ubingwa. Na kwa kuwa Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini ina makao makuu Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, sioni kwa nini mtaala huu usiandikwe ili daktari wa Lusaka au Blantyre naye aje ausome Moshi.

Jambo dogo lakini naliamini kwa moyo wote: wahitimu waweze kuifundisha familia kukandamiza kifua. Katikati ya kifua, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, huku mwingine akitafuta gari. Katika nyumba yenye QT ndefu, kaka wa miaka 15 anayejua hivyo ana thamani kuliko gari la wagonjwa lililo umbali wa saa moja.

Yule binti, nimeulizwa, anaendelea vizuri. Dawa za kifafa aliachishwa taratibu. Ndugu zake wa upande wa mama waliopimwa, watatu wana QT ndefu, mmoja wao mwanamke wa miaka 52 ambaye maisha yake yote aliambiwa ana woga.

Kabla hatujaenda kwenye chai, kila mmoja achukue karatasi iliyo mezani pale mlangoni. Ina nafasi ya vizazi vitatu. Anzeni na ukoo wenu wenyewe, upande wa baba na upande wa mama, mabinti walioolewa wakiwemo. Ukikuta mtu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40 na hakuna aliyejua sababu, usiirudishe karatasi tupu: mashine ya ECG iko chumba cha pili kushoto, na muuguzi atakuwepo hadi saa kumi jioni. Wale mnaoendesha kliniki za kifafa, nawaomba kuanzia Jumatatu kila mgonjwa asiyewahi kupimwa ECG apimwe, na zile zenye utata mniletee kwenye kikao cha mwezi ujao. Asanteni sana kwa kunisikiliza.